Kuzisoma kuta: wiki moja katika shule kongwe za Kanisa nchini Wales

Katika miji mingi ya Wales lipo jengo la aina moja ambalo mgeni hulipita bila kuligeukia. Kuta zake ni za mawe, paa la sleti, yaani vigae vya mawe bapa, limesimama wima kuliko mapaa ya jirani, madirisha yameanzia juu ya kichwa cha mtoto, na kwenye ncha ya paa kuna kijumba cha kengele, mara nyingi kengele yenyewe ikiwa haipo tena. Juu ya mlango huwa kuna bamba la jiwe lenye mwaka na maneno "National School". Leo ndani wanaishi watu, au ni ukumbi wa kijiji, au mlango umepigiliwa mbao. Hiyo ndiyo shule ya Kanisa la Anglikana ya karne ya 19. Ratiba hii inaanzia kaskazini-mashariki na kuishia karibu na Cardiff, na kila kituo kinaeleza sehemu ya maisha ya jengo la namna hiyo: nani alifundisha ndani, nani alitoa ardhi, nani alilipa, watoto walisema lugha gani, na kwa nini kuta zinaoza. Usafiri wote ni treni, basi na miguu.

Jumatatu: Holywell na Brynford

Treni ya pwani ya kaskazini inashusha abiria Flint. Kutoka hapo ni basi hadi Holywell, mji wa kisima cha Mtakatifu Winefride, kisha mwendo wa kupanda hadi kijiji cha Brynford kilicho kilimani juu ya mji.

Brynford inaingia katika safari hii kwa sababu ya kijana mmoja. Mwaka 1856 John Rowlands, mzaliwa wa Denbigh aliyelelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, alichukuliwa na binamu yake Moses Owen, mwalimu wa shule ya Kanisa ya Brynford, awe msaidizi wake darasani. Alikuwa na umri wa miaka 15. Mchana aliwafundisha watoto, jioni akajisomea vitabu vya binamu yake, na mwaka haukuisha kabla hajaondoka. Miaka 15 baadaye alishuka Unguja kwa jina la Henry Morton Stanley, akaajiri wapagazi na kuelekea Ujiji. Mwaka 1874 akaanza tena safari kutoka Bagamoyo, akatokea Boma, karibu na mdomo wa mto Kongo, mwaka 1877. Yaliyowapata watu wa njiani, risasi na viboko, yanakumbukwa hadi leo, na Denbigh yenyewe imebishana kwa miaka juu ya sanamu yake iliyosimamishwa 2011.

Kinachotuhusu hapa ni mfumo uliomweka mvulana wa miaka 15 mbele ya darasa. Jumuiya ya Kitaifa (National Society, ndiyo asili ya jina "National School"), iliyoundwa London mwaka 1811 ili watoto wa maskini wa England na Wales wafundishwe kwa misingi ya Kanisa rasmi, yaani la Anglikana, ilichukua mbinu za Andrew Bell, kasisi aliyesimamia kituo cha yatima wa askari huko Madras, India. Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza. Kuna mwalimu mmoja, chumba kimoja, na viranja. Mwalimu huwafundisha viranja somo, na kila kiranja hulirudia kwa kundi lake likiwa limesimama nusu duara. Ndiyo sababu jengo la mwanzo halina madarasa ndani yake. Ni ukumbi mmoja mrefu, na Jumuiya yenyewe ilisema wazi kwamba ghala la mavuno si mfano mbaya wa kufuata. Kipimo kilikuwa futi za mraba 6 au 7 kwa kila mtoto. Ukumbi wa futi 40 kwa 20, yaani futi za mraba 800, ulihesabiwa kuwa unatosha watoto 114 hadi 133. Paa lililo wazi hadi kwenye kenchi halikuwa pambo: kwa msongamano ule, hewa ilikuwa juu tu.

Udhaifu ulionekana mapema. Kosa la kiranja lilikuwa kosa la kundi zima, na mahali ambapo kiranja alikariri Kiingereza bila kukielewa, watoto wanaosema Kiwelshi walikariri sauti tupu. Mwaka 1846 serikali ilileta utaratibu bora: mwalimu mwanafunzi, mwenye miaka 13 au zaidi, aliyefungwa kwa mkataba wa miaka 5, akilipwa pauni 10 mwaka wa kwanza na kupandishwa hadi pauni 20 mwaka wa mwisho. Ukiona kwenye jengo la shule kichumba kidogo kimebandikwa ubavuni mwa ukumbi mkubwa, na mawe yake hayajaungana vizuri na yale ya zamani, mara nyingi ni cha miaka iliyofuata utaratibu huo. Kundi la mwalimu mwanafunzi lilihitaji mahali pa kufundishiwa bila kelele.

Jumanne: Ruthin

Basi kwa kupitia Mold. Nyuma ya kanisa la Mtakatifu Petro, Ruthin, lipo jengo la shule ya sarufi ya zamani, na linafaa kutazamwa kabla ya zile za karne ya 19 ili tofauti ionekane. Gabriel Goodman, mtoto wa mji huu aliyekuwa Dekano, yaani mkuu wa kanisa la Westminster Abbey, London, kuanzia 1561, aliianzisha upya shule ya Ruthin mwaka 1574, na mwaka 1590 akaongeza makao ya wazee maskini. Kanisa, shule na makao vimeshikana ubavu kwa ubavu. Shule ilihamia nje kidogo ya mji mwaka 1893. Humo walifundishwa wavulana Kilatini, waende vyuo vikuu. Watoto wa wachunga kondoo hawakuwamo katika mpango.

Goodman huyohuyo ndiye aliyempa hifadhi William Morgan, mtafsiri wa Biblia ya Kiwelshi, huko Westminster wakati Biblia hiyo ilipokuwa ikichapwa mwaka 1588. Kwa hiyo Kanisa hilihili lililoipa lugha kitabu chake kikuu ndilo ambalo, miaka 250 baadaye, lilikuwa na shule ambazo mtoto aliadhibiwa kwa kuisema. Ushahidi uko bondeni, safari fupi kutoka hapa. Katika shule ya Llandyrnog mkaguzi wa serikali wa miaka ya 1840 alimkuta mvulana amevaa shingoni kipande cha mbao kwa kamba. Aliyesikika akisema Kiwelshi alikivaa, na kukivua kulihitaji kumkamata mwenzake kwa kosa lilelile. Aliyekutwa nacho mwisho alichapwa. Hakuna sheria ya Bunge iliyoamuru hivyo. Ilikuwa desturi ya walimu na mameneja wa shule, mara nyingi kwa ridhaa ya wazazi waliotaka watoto wapate Kiingereza cha kutafutia kazi. Msomaji aliyepita shule za Kenya ambako "diski" ilizungushwa shingoni mwa aliyesema lugha ya nyumbani hahitaji maelezo zaidi.

Njia ya kwenda Aberystwyth inapinda: basi hadi Wrexham, treni hadi Shrewsbury upande wa England, halafu treni nyingine ya kurudi magharibi kuvuka milima. Iondokewe Jumanne mchana, vinginevyo Jumatano yote itaishia njiani.

Jumatano: Aberystwyth

Siku hii ni ya karatasi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Maktaba ya Taifa ya Wales iko kilimani juu ya mji. Kupata kadi ya msomaji kunahitaji kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Chumbani huingia penseli, daftari na kompyuta. Kalamu ya wino haiingii. Hifadhi ya nyaraka ya kaunti ya Ceredigion iko mjini chini, katika jengo la zamani la ukumbi wa mji. Maktaba ina kumbukumbu za majimbo ya Kanisa la Wales. Hifadhi ya kaunti ndiyo kwa kawaida yenye vitabu vya shule. Wageni wengi huanza na ya kwanza peke yake, wakashangaa mbona hawaipati shule yao.

Anza na ramani, maana hazihitaji kujua jina la mtu. Ramani za zaka, zilizochorwa kwa ajili ya malipo ya mashamba kwa Kanisa, nyingi zikiwa za miaka ya 1840, zimewekwa na Maktaba kwenye intaneti bure, zaidi ya 1,000 kwa Wales nzima. Baada ya hizo chukua ramani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, za inchi 25 kwa maili, ambazo Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka wazi. Kama jengo halimo kwenye ya zaka lakini limo kwenye toleo la kwanza la Ordnance Survey, umeshaubana mwaka wa ujenzi kati ya ramani mbili. Soma pia neno lililoandikwa juu ya jengo. "National" ni ya Kanisa la Anglikana. "British" ni ya jumuiya pinzani iliyopendwa na Wamethodisti, Wabaptisti na wenzao. "Board" ni ya bodi iliyochaguliwa na walipa kodi baada ya Sheria ya Elimu ya 1870. Mji mdogo ungeweza kuwa na mbili kati ya hizo katika barabara moja, na kuzichanganya ndilo kosa linaloharibu historia nyingi za mitaa. Kosa la pili ni kuliamini bamba la jiwe. Mwaka ulioandikwa juu ya mlango unaweza kuwa wa chumba kilichoongezwa, na ukumbi wa nyuma ukawa na umri wa kizazi kizima zaidi.

Kisha fungua ripoti za 1847. Serikali ilituma makamishna watatu, Lingen, Symons na Johnson, wachunguze elimu ya Wales. Wote walikuwa Waingereza wa Kanisa la Anglikana na hakuna aliyejua Kiwelshi. Walichoandika juu ya maadili na dini ya Wawelshi kiliumiza taifa zima, na hadi leo ripoti hizo zinaitwa usaliti wa Vitabu vya Bluu. Hasira hiyo ni ya haki. Hata hivyo, viambatisho vyake vinataja shule moja baada ya nyingine: ilikuwa kwenye jengo gani, hali ya paa na sakafu, idadi ya watoto, kipato cha mwalimu, lugha ya kufundishia. Kwa mtu anayetafuta historia ya jengo moja hakuna chanzo kingine cha wakati ule kinachokaribia hicho. Soma safu za takwimu kwa makini, na maoni ya kamishna yasome ukijua ametoka wapi.

Fedha sasa. Mwaka 1833 Bunge lilitoa ruzuku ya kwanza ya majengo ya shule, pauni 20,000, kupitia jumuiya zile mbili, ya "National" na ya "British", na wenyeji walipaswa kuchanga angalau nusu ya gharama. Sharti hilo linaeleza kwa nini parokia tajiri ilipata jengo mapema na parokia maskini ya milimani ikakaa na shule ndani ya mnara wa kanisa. Maombi ya ruzuku, mengine yakiwa na michoro ya jengo, yako kwenye Hifadhi ya Taifa huko Kew, London, katika fungu ED 103. Ukipata mchoro, pima kuta za leo ulinganishe. Kilichochorwa hakikujengwa chote kila mara, hasa nyumba ya mwalimu na mnara wa kengele, ambavyo vilikuwa vya kwanza kukatwa michango ilipopungua.

Mwisho omba kitabu cha matukio ya shule. Kanuni mpya za 1862 zilimlazimisha mwalimu mkuu wa shule yenye ruzuku kukiandika, naye hakuruhusiwa kuweka maoni ya jumla, matukio tu. Kwa hiyo kinasomeka kwa vipande vifupi: kasisi amekuja kusikiliza katekisimu, nusu ya watoto wako kwenye viazi, surua, mvua kubwa, waliotoka mbali hawakufika, moshi wa jiko umejaa darasani. Nyuma ya vipande hivyo kuna hesabu kali. Kanuni hizo zilileta malipo kwa matokeo: shilingi 4 kwa kila mtoto kwa wastani wa mahudhurio, na shilingi 8 kwa kila aliyefika mahudhurio ya kutosha na kufaulu mtihani wa mkaguzi katika kusoma, kuandika na hesabu. Kila somo aliloanguka liliondoa shilingi 2 na peni 8. Kiwelshi hakikulipiwa hata peni moja. Kilianza kutambuliwa katika miaka ya mwisho ya karne. Mwalimu ambaye mshahara wake ulitegemea ruzuku hiyo aliwakaririsha watoto kitabu kimoja cha Kiingereza hadi mkaguzi apite. Mtu akishaelewa shilingi hizo, viazi na surua huacha kuwa habari ndogo. Zilikuwa mapato ya shule yakiteremka, na mvua iliyovuja paani mwaka uliofuata ilitokana nayo.

Vitabu vya miaka ya karibuni huenda vimefungwa kwa sababu vinataja watu walio hai. Uliza kabla ya kusafiri.

Alhamisi: Lampeter

Basi la T1 linashuka kusini kutoka Aberystwyth. Reli ya njia hii ilifungwa miaka ya 1960. Lampeter ni mji mdogo wa soko ambao nusu ya historia yake inahusu ardhi ya familia moja, akina Harford, mabenki wa Bristol. J. S. Harford ndiye aliyetoa kiwanja ambacho Askofu Thomas Burgess alijengea Chuo cha Mtakatifu Daudi, kwa mchoro wa C. R. Cockerell. Jiwe la msingi liliwekwa 1822, na chuo kikafunguliwa 1827 ili kuwaandaa makasisi wa Wales. Masomo ya shahada yamehamishiwa Carmarthen kuanzia Septemba 2025, na mji bado unajadili majengo hayo yatafanywa nini.

Nje kidogo ya mji, upande wa jumba la Falcondale lililokuwa makazi ya akina Harford, ni Maestir. Hapa mwaka 1880 ilijengwa shule ya chumba kimoja kwa fedha za Sir Charles Harford. Shule haipo tena mahali pake, nasi tutaikuta Jumamosi. Kanisa la Mtakatifu Maria lipo, na kulitazama pamoja na jumba na mashamba kunaonyesha kwa macho jinsi mambo yalivyopangwa: aliyemiliki ardhi ndiye aliyelipia kufundishwa kwa watoto wa waliolima ardhi hiyo.

Hapo palikuwa na mgogoro. Sensa ya ibada ya 1851 ilionyesha kwamba karibu wanne kati ya kila waabuduo watano wa Wales walikwenda kwenye makanisa yasiyo ya Anglikana. Hivyo mtoto wa Mmethodisti alikaririshwa katekisimu ya Kanisa ambalo baba yake alilikataa, kwenye ardhi ya kabaila ambaye baba yake alimlipa kodi. Katika kaunti hii wapangaji walifukuzwa mashambani baada ya uchaguzi wa 1868 kwa kupiga kura kinyume na mwenye ardhi. Si rahisi kumkatalia mwanao somo la dini katika hali hiyo. Sheria ya 1870 iliweka kinga: mafundisho ya dini yawe mwanzo au mwisho wa kipindi cha shule, mzazi aweze kumtoa mtoto, na ratiba ibandikwe mahali pa wazi darasani. Ukikuta kwenye picha ya zamani karatasi kubwa iliyotundikwa karibu na meza ya mwalimu, huenda ndiyo hiyo.

Kwa anayetaka kununua au kuokoa jengo la namna hii, ardhi bado ni swali la kwanza. Sheria ya Viwanja vya Shule ya 1841 ilimwezesha mwenye ardhi kutoa hadi ekari 1 kwa ajili ya shule, kwa sharti kwamba siku kiwanja kitakapoacha kuwa cha shule, kinarudi kwenye shamba kilikotoka. Shule zilipofungwa kwa wingi katika karne ya 20, mashamba yale yalikuwa yameshauzwa vipande vipande na warithi wametawanyika duniani. Sheria ya 1987 ililegeza fundo. Wadhamini wanabaki na umiliki na wanaweza kuuza, lakini thamani wanaishikilia kwa niaba ya mwenye haki ya kurudishiwa. Fanya hivi kabla ya kulipa chochote: tafuta hati ya awali ya kukabidhi kiwanja, soma kama imetaja sheria ya 1841, na angalia mipaka, maana nyumba ya mwalimu na uwanja wa michezo vingeweza kutolewa kwa hati nyingine. Wakili asiyewahi kukutana na jambo hili huliruka, na mauzo hukwama miezi.

Ijumaa: Carmarthen na Llanddowror

T1 inaendelea hadi Carmarthen. Hapa mwaka 1848 kilifunguliwa chuo cha Kanisa cha kufundisha walimu wa kusini mwa Wales, mwaka mmoja tu baada ya ripoti za makamishna, kwa kuwa walimu wengi waliotajwa humo walikuwa maseremala, wakulima na mabaharia walioumia wakaingia ualimu. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Wales Trinity Saint David.

Mchana ni basi la magharibi hadi St Clears na kutoka hapo Llanddowror, kijiji kidogo chenye kaburi la Griffith Jones kanisani. Alikuwa kasisi wa hapa kuanzia 1716 hadi alipofariki 1761, naye ndiye aliyefanya jambo ambalo majengo yote ya juzi na jana hayakufanya. Shule zake zilizunguka. Mwalimu aliyefunzwa Llanddowror alitumwa parokiani, akafundisha kwa karibu miezi mitatu, hasa majira ya baridi kazi za shamba zilipopungua, kanisani au ghalani au jikoni kwa mtu, kisha akahamia kwingine. Watoto walifundishwa mchana, watu wazima usiku. Kilifundishwa kitu kimoja, kusoma Biblia na katekisimu, kwa lugha ya nyumbani, yaani Kiwelshi karibu kila mahali. Kuandika na hesabu viliachwa makusudi ili muda utoshe. Mtoto ambaye tayari anaongea lugha, ambayo tahajia yake inafuata matamshi, anaweza kusoma ndani ya miezi hiyo michache. Hadi kifo chake zilihesabiwa shule 3,325 katika sehemu karibu 1,600, na Wales ikawa miongoni mwa nchi za Ulaya zenye wasomaji wengi wa kawaida.

Fedha zilitoka kwa wafadhili, mkubwa wao Bridget Bevan wa Laugharne, aliyeendesha shule hizo hadi 1779. Wosia wake wa kuziachia fedha ulipingwa na jamaa, mali ikafungwa mahakamani kwa miongo mitatu, na shule zikanyauka. Ndiyo hatari ya shule isiyo na jengo wala kiwanja: siku fedha zinapokatika hakuna kinachobaki cha kutetewa. Lakini maoni yetu juu ya hili ni wazi. Shule iliyotangatanga bila ukuta iliwasomesha Wawelshi kwa lugha yao. Ile ya mawe ilipokuja, ilikuja na Kiingereza. Anayeandika historia ya jengo lolote la shule ya Kanisa katika mji wa Wales aanze na ghala lililotangulia, hata kama halina bamba.

Jumamosi: St Fagans

Treni ya Carmarthen hadi Cardiff, kisha basi hadi Makumbusho ya Taifa ya Historia, St Fagans, magharibi mwa jiji. Kiingilio ni bure. Makumbusho yalifunguliwa 1948, na yana majengo zaidi ya 40 yaliyobomolewa kwingine na kusimamishwa upya hapa. Moja ni shule ya Maestir. Ilifundisha hadi 1916, ikabomolewa kwa uangalifu mwaka 1981 na kufunguliwa hapa 1984, ikiwa imepangwa kama ilivyokuwa karibu 1900.

Ingia ukasimame katikati. Ni chumba kimoja, na humo walikaa watoto 36 wa kati ya miaka 5 na 14. Inama hadi usawa wa macho ya mtoto aliyeketi: dirishani unaona anga tu. Kizingiti kiliwekwa juu ili mwanga umwagike kwenye madawati bila mtoto kuona barabara. Moto uko upande mmoja, kwa hiyo waliokaa mbali nao walijifunza wakiwa na baridi na walio karibu wakisinzia. Kibao cha mbao cha kuadhibu Kiwelshi kimo miongoni mwa vitu vya kuonyeshwa. Kishike kwa macho kwa muda. Ni kipande kidogo sana.

Kisha toka nje, maana kuta zinafundisha pia. Ukuta wa shule ya namna hii una unene wa inchi 18 hadi 24, mawe nje na ndani na kifusi katikati, vyote vimeshikwa kwa chokaa. Hauna kizuizi cha maji chini. Hunywa mvua na kuitoa kwa kukauka kupitia viungo vya chokaa. Fundi akija na saruji akaziba viungo, maji yanayoingia kwa nyufa nyembamba hayana pa kutokea: yanapita ndani, plasta inavimba, ncha za mihimili zilizoingia ukutani zinaoza. Zaidi ya nusu ya "unyevu unaopanda" unaolalamikiwa katika majengo haya tunaamini ni saruji hiyo pamoja na mfereji wa paa uliopasuka.

Kuitoa saruji ni kazi ya tindo na nyundo. Msumeno wa umeme hukata kingo za mawe, na jeraha hilo halifutiki. Chimba kiungo hadi kina cha angalau mara mbili ya upana wake, ondoa vumbi, lowesha kwa maji. Changanya chokaa ya haidroliki (inayoganda kwa maji) ya daraja 3.5 sehemu 1 na mchanga mkali wa chenga mbalimbali sehemu 2.5 hadi 3. Sukumiza ndani kwa tabaka, usijaze kwa mkupuo. Funika kwa magunia yenye unyevu kwa wiki nzima, kwa sababu chokaa ikikauka haraka inakuwa unga. Usifanye kazi joto likiwa chini ya nyuzi 5, wala katika majira ambayo usiku unaganda. Wales, hiyo ina maana ya kuanza Aprili na kufunga Septemba.

Paa: sleti za Wales hudumu zaidi ya karne, misumari ndiyo hufa kwanza. Sleti zinazoteleza moja moja kila baada ya dhoruba zinakuambia misumari imekwisha, na kubandika vishikizo vya madini ya risasi hapa na pale kunanunua miaka michache tu. Zinashushwa, zinagongwa kwa kifundo cha kidole, inayolia kama kengele inarudi juu kwa msumari wa shaba, inayotoa sauti butu inatupwa. Chunguza kijumba cha kengele kwanza, maana pale inapokutana na paa ndipo maji huingia bila kuonekana hadi mbao za chini zimekuwa laini.

Sakafu: mbao zimekaa juu ya uwazi unaopata hewa kwa matundu ya chuma chini ya ukuta. Uwanja wa michezo umewekwa lami mara kadhaa, kila mara juu ya ile ya awali, na leo matundu yako chini ya ardhi. Hewa ikikosekana, kuvu hula sakafu yote. Pima tofauti ya usawa wa lami nje na sakafu ndani kabla ya kuamini mbao mpya zilizopigiliwa juu.

Jengo lililoorodheshwa linahitaji kibali cha mamlaka ya mipango ya eneo, na Cadw ndiyo idara ya serikali ya Wales inayosimamia orodha hiyo. Popo wakiwa darini, na katika shule iliyokaa tupu huwa wapo, kazi inasimama hadi leseni ipatikane kutoka Natural Resources Wales. Panga uchunguzi wa popo kuanzia Mei hadi Agosti, vinginevyo mwaka umepotea.

Utaratibu wa kazi ni huu: mifereji ya paa, kisha paa, kisha kushusha lami na kufungua matundu, kisha viungo vya ukuta. Plasta na rangi ya ndani vingoje. Ukuta uliolowa hukauka kwa makadirio ya inchi moja kwa mwezi, kwa hiyo ule wa inchi 20 unaomba karibu miaka miwili ya madirisha kufunguliwa kabla ya mtu kuugusa kwa brashi.